Jiko Letu Kwenye Kombi ya Asali

Kombi ile ilitujia ikiwa na jiko lake ndani. Mume wangu alikuwa fundi wa magari pale Mpanda, karibu na stesheni ya treni, na Mzungu mmoja wa mradi wa visima alimwachia gari hiyo alipomaliza kazi yake na kurudi kwao na mkewe. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, imechubuka ubavuni, na kwa ndani walikuwa wameigeuza nyumba. Kiti cha nyuma kilikunjuka kikawa kitanda. Kulikuwa na kabati zenye vikomeo ili milango isifunguke barabarani, beseni dogo la kuoshea vyombo, na jiko la gesi lenye nafasi ya sufuria mbili.

Yule mama wa Kizungu ndiye aliyenifundisha kuliwasha. Aliniita ndani, akanikalisha kitandani, akapiga kiberiti, na moto wa buluu ukazuka bila moshi, bila kuni, bila mtu kupuliza. Tulichemsha chai. Nje, wachukuzi walikuwa wanapita na mizigo ya abiria walioshuka kutoka Tabora, na mimi nimekaa nyuma ya pazia nakunywa chai iliyopikwa ndani ya gari. Nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo, nimetoka Ufipa, kwetu kwenye baridi, ambako jiko ni mafiga matatu na macho ya mpishi huwa mekundu. Nilidhani maisha yangu yote yangekuwa hivyo, ya moto wa buluu.

Gesi iliisha kabla sijamaliza kuizoea. Mume wangu aliubeba mtungi begani akazunguka nao maduka ya Kashaulili. Wenye maduka waliugeuzageuza. Mmoja akamuuliza kama ni wa kuchomelea vyuma. Akarudi nao jioni, akauweka pembeni ya nyumba, na hapo ukabaki, kuku wakawa wanaupanda.

Wazo la asali lilikuwa lake. Kwao ni Inyonga, kwa Wakonongo, ambako kila ukoo una watu wa mizinga. Alisema kombi haikustahili kubeba abiria wa kugombania viti, ilistahili kutembea taratibu porini, kununua asali kambi kwa kambi, na kuileta stesheni kwa mnunuzi aliyekuja na treni kutoka Tabora. Tungelala humohumo. Mpanda siku hizo bado ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, na barabara zake nyingi zilikuwa njia mbili nyembamba za matairi zenye majani katikati.

"Na wenye asali utawapataje?" nilimuuliza.

"Baba anawajua wote. Tutakwenda na baba."

Baba mkwe wangu alikuwa mjane, mrefu, mkavu, anayevaa koti zito hata kwenye joto. Kwa desturi yao, mke wa mwana na baba wa mume hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mzee hasogei karibu na jiko la mkwewe. Katika nyumba ya kawaida jambo hilo halina taabu, kwa sababu kuna ua, kuna kuta, kuna mlango wa nyuma. Ndani ya kombi, jiko lilikuwa linafikika kwa mkono kutoka mahali alipokaa. Nilitundika kanga kwenye kamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, yeye akakaa mbele na mwanawe, mimi nikakaa nyuma na ndoo. Mazungumzo yetu yalipitia kwa mume wangu, ambaye alikuwa anaendesha.

"Mwambie mkeo hiyo ndoo inagonga kiti changu."

"Umesikia?" mume wangu anasema.

"Mwambie baba nimeshaisogeza."

"Baba, ameisogeza."

Tulisafiri hivyo. Miezi ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi wa mchana, pale ambapo sauti za watu zinaingia ndotoni na kutoka. Injini inaunguruma chini ya mgongo wangu. Mwanga unapita kwenye majani ya miyombo na kuingia dirishani vipandevipande, unatembea juu ya mifuniko ya ndoo, juu ya mikono yangu, juu ya kanga, unapotea. Harufu ya asali ilikuwa kila mahali, nzito, kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka tukaacha kuisikia. Nilikuwa nasinzia Mpanda, nafumbua macho, bado ni msitu. Nasinzia tena, nafumbua, msitu uleule, ila sasa kuna mtu amesimama kando ya njia amebeba ndoo kichwani, anatungoja, kana kwamba tulikuwa tumeahidiana.

Lakini watu lazima wale. Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Kwanza tulinunua jiko la mchina, lile la mafuta ya taa na tambi. Nililiweka pale pale lilipokuwa jiko la gesi, nikafurahi kuona linaenea vizuri. Nikapika wali, nikapika maharage, mume wangu akanisifu. Tuliporudi stesheni, mnunuzi wa Tabora alifungua ndoo ya kwanza, akainamisha pua, akaifunga. Akafungua ya pili. Akaifunga pia. Hakugomba. Alimwambia mume wangu kwa upole kwamba asali ni kama mtoto mchanga, inashika kila kinachopita karibu nayo, na hii yetu ilikuwa imeshika taa ya chemli. Ile asali tuliila wenyewe na kugawia majirani kwa muda mrefu.

Tukajaribu mkaa. Mbung'o walikuwa wengi porini, kwa hiyo nilipika nikiwa nimefunga mlango na madirisha. Nakumbuka nikikoroga ugali huku mikono yangu ikiwa mbali, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nilitaka kulala. Nilitaka kulala kwa utamu ambao sijawahi kuusikia tena. Mume wangu alifungua mlango kuchukua kikombe, akaniona nimeegemea kabati macho yamefumba, akanivuta nje kwa kwapa, na nikatapika kwenye majani. Baba mkwe alisimama mbali ametugeuzia mgongo. Nilimsikia akisema, "Mwambie mkeo akae kwenye upepo. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua."

Ikabaki kuni, nje. Hiyo ndiyo njia ya watu wote, na kwa siku kadhaa nilijiona mjinga kwa kuhangaika na mengine. Ila porini kiangazi kila jani ni kiberiti, na wenye mizinga hawakutaka kuona moto wa mgeni. Tukipata mahali palipo wazi, mbung'o wananishukia mgongoni nikiwa nimeinama, wanauma kupitia nguo. Maharage yanataka nusu ya mchana, na mume wangu anatembea huku na huku akitazama jua. Wakati huo wote baba mkwe anakwenda kukaa nyuma ya kichuguu, mgongo umeelekea kwangu, hageuki mpaka nimemaliza na nimeondoka penye moto. Nilimhurumia. Nilijihurumia na mimi pia. Kulikuwa na siku tulizokula karanga na asali tu, kutwa nzima, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza mjadala.

Jioni moja mume wangu aliniambia, "Labda ubaki nyumbani. Sisi wanaume tutajipikia."

"Nyie mtapika nini?"

Akafikiri. "Tutajua hukohuko."

Sikutaka kubaki. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimeupenda ule usingizi wa nyuma ya kombi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Nilimwambia tu kwamba nitatafuta namna.

Namna yenyewe sikuitafuta, ilinijia. Tulikuwa Sitalike mwanzoni mwa mvua, tukielekea Kibaoni, ambako baba mkwe alikuwa na rafiki wa kabila la Wapimbwe aliyekusanya asali ya wenzake. Nilikuwa nimewasha moto kando ya barabara, karibu na nyumba za wafanyakazi wa hifadhi, na maharage yangu ndiyo kwanza yameanza kuchemka kwa nguvu. Kutoka mtoni tulisikia viboko wakikoroma, sauti ya watu wanaocheka wakiwa wamejaza maji mdomoni. Askari wa hifadhi akaja na baiskeli.

"Mvua inatoka huko mlikotoka," alimwambia mume wangu. "Mkitaka kupita, piteni sasa hivi. Ule udongo mweusi ukilowa utawashika, mtalala na hao mnaowasikia."

Mume wangu akanitazama. Maharage yalikuwa magumu kama mawe. Kuyamwaga sikuweza. Nilifunika sufuria kwa mfuniko wake, nikaifunga na kanga, nikaizungushia blanketi zito la kitanda, nikaidumbukiza katika kapu la majani makavu ambamo tulikuwa tunafungia chupa ili zisivunjike. Juu nikaweka mto. Nililikumbatia kapu hilo kwa miguu, mlango ukafungwa, tukaondoka.

Sijawahi kuona njia kama ile. Wingu lilikuwa jeusi upande mmoja na jua la manjano upande wa pili, na nyasi za mbugani zikawa zinang'aa kwa mwanga uliotoka chini, si juu. Nyati walisimama kundi zima, hawakusogea. Twiga mmoja aligeuza shingo akatufuata kwa macho mpaka tukaingia msituni. Joto la sufuria lilipenya blanketi likanifikia kwenye mapaja, taratibu, nikaanza kusinzia, na katika kusinzia nikawa naota kwamba nimembeba mtoto. Kumbe hata hilo lilikuwa kweli, ila sikuwa nimelijua bado.

Tulifika Kibaoni mvua ikitufuata nyuma. Mume wangu alisema tununue mihogo ya kuchoma. Nikafungua kapu kwa lengo la kuitoa ile sufuria niibandike upya. Niliponyanyua mfuniko, mvuke ulinipiga usoni. Nilibonyeza harage moja kwa vidole. Likapondeka.

Nilimwita mume wangu nyuma ya gari. Alionja, akanitazama, akaonja tena.

"Uliyapika wapi haya?"

"Njiani."

"Kwa moto gani?"

"Hakuna moto. Yameiva yenyewe."

Tulicheka kimyakimya kama watu walioiba. Tulitia chumvi na kitunguu, akampelekea baba yake bakuli pale alipokuwa amekaa na rafiki yake kibarazani. Nilibaki nyuma ya kombi nikisikiliza. Mzee aliuliza chakula kimetoka wapi, akaelezwa.

"Mwambie mkeo," alisema, "mimi chakula kilichopikwa na blanketi sili."

Akala mihogo.

Tangu hapo kombi ikawa na majiko mawili. La kwanza lilikuwa langu. Nilinunua kapu pana sokoni Kashaulili, na mama mmoja wa Kisukuma, ambaye familia yake ilikuwa imehamia karibu na Usevya na ng'ombe wao, akanipa pamba ya kutosha kulijaza. Nilishona mto wa duara wa kufunikia. Kabla ya kuondoka mahali popote nilichemsha sufuria kidogo nje, kwa moto mdogo, nikaizika kwenye pamba, na kombi ikatembea na chakula chetu kikiiva gizani humo bila harufu wala moshi. Wali wa mchele wa Wapimbwe ulitoka punje kwa punje. Mnunuzi wa Tabora hakufunga tena ndoo zetu. Jiko la pili lilikuwa la mzee: kuni, ugali, na migebuka ya Karema, ambayo nilimpikia mbali na gari kwa sababu harufu ya samaki mkavu nayo ingeingia kwenye asali. Hakulalamika. Alikula ametazama upande mwingine, na alipomaliza alimpa mume wangu sahani.

Mvua zilipokolea tulikwenda upande wa Inyonga, mbali ndani ya msitu, na huko kombi ikazama kwenye tope mpaka tumboni. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimeamka na baridi isiyo ya hewa, meno yanagongana, kichwa kinavuma. Mume wangu alinishika paji la uso akaondoa mkono haraka. Ujauzito ulikuwa umeshajulikana kwa wakati huo. Alizungumza na baba yake nje, kwa Kikonongo, sauti za chini. Kisha akaingia, akanifunika.

"Naenda kijijini kutafuta dawa na watu wa kusukuma. Baba yupo."

"Usiniache na baba," nilimwambia.

"Nitarudi leo."

Nilitaka kueleza kwamba si kwa kumwogopa. Nilikuwa najiuliza nitaomba maji kwa nani, ikiwa kati yetu hakuna mtu wa kupitisha maneno. Lakini homa ilikuwa imeshanichukua, na alipofunga mlango nilikuwa tayari nimeondoka. Nilikuwa kwetu Ufipa, kwenye ukungu, natafuta kuni na mama yangu. Kisha nikawa ndani ya mzinga wa gome, na nyuki walikuwa wananipepea kwa mabawa, na walikuwa wanaongea kama watu wa sokoni. Mvua ilipiga paa la bati, ikaacha, ikapiga.

Kati ya ndoto nilisikia mtu akipuliza moto. Mtu anapuliza, anakohoa, ananyamaza, anapuliza tena. Niligeuza kichwa. Kupitia dirishani nilimwona baba mkwe amechuchumaa chini ya turubai alilolifunga kati ya kombi na mti. Kuni zilikuwa mbichi. Alikuwa amebandua gome kavu la mzinga wa zamani analikatakata kwa panga, anatia moto kipande kwa kipande. Mbele yake ilikuwa sufuria yangu. Mtu huyu tangu afiwe na mkewe alikuwa analishwa na dada zake, na sidhani kama kabla ya hapo aliwahi kushika mwiko. Alikuwa ameushika kama mpini wa jembe.

Nikasinzia. Nilipofumbua macho mlango ulikuwa wazi kidogo na mkono ulikuwa umeingia ndani, mkono tu na kipande cha mkono wa koti, umeshika bakuli. Mwili na uso vilikuwa nje, vimegeukia msituni.

"Kunywa, mama," alisema. "Mimi siangalii."

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe. Nilichukua bakuli. Ulikuwa uji wa mahindi, una madonge, umeungua chini, umejaa asali mpaka unakaba. Nilikunywa wote. Alingoja pale pale na mkono wake umenyooka, mvua ikimlowesha mgongo, na nilipomrudishia bakuli akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto.

Sijui ilikuwa mara ngapi siku ile. Nilikuwa naamka, mkono upo. Nalala, naamka, mkono umerudi. Uji ulikuwa wa moto kila mara, na katika homa yangu sikushangaa, ingawa nje moto ulikuwa umeshazimwa na mvua na sikumsikia tena akipuliza.

Mume wangu alirudi jua limeshuka, amepata tembe za klorokwini na vijana wenye kamba na magogo. Nilimsikia baba yake akimpokea.

"Mwambie mkeo," alisema mzee kwa sauti yake ya siku zote, "uji mwingine umo kwenye kapu lake."

Mume wangu alilifungua. Sufuria ilikuwa imezikwa kwenye pamba vizuri, mto umewekwa sawa, na juu ya mto mzee alikuwa amefunika lile koti lake zito, limekunjwa mara mbili. Yeye alikuwa amesimama mvuani na shati tu.

Nilipona. Hatukulizungumzia jambo hilo, na sisi wawili tulirudi kupitisha maneno yetu kwa mume wangu kama zamani. Ila jiko la kuni liliishia hapo. Alianza kula kilichotoka kwenye kapu, kwa sharti moja alilompa mwanawe: lifunguliwe naye akiwepo. Basi tukifika mahali, mume wangu anatoa kapu nje na kumwita. Mzee anasogea, anasimama upande wake wa kanga, na mimi upande wangu. Naondoa mto. Mvuke unapanda, unavuka kanga kwa juu, na namsikia akiuvuta puani taratibu.

"Leo ni kunde," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Tuliendelea hivyo mpaka tumbo likanizuia kupanda. Injini ilichoka mwaka uliofuata, na vipuri vyake havikupatikana hata Tabora. Mume wangu aliifungua kipande kwa kipande, akavitumia kwenye magari ya watu. Baba mkwe alirudi Inyonga kwenye mizinga yake. Tulipanga chumba nyuma ya soko la Kashaulili, chenye jiko uani, mafiga matatu, na mlango wa nyuma.

Nakumbuka asubuhi ya kwanza pale. Niliamka mapema, mwanga wa kijivu umeingia kwenye nyufa za mlango, na wanawake wa sokoni walikuwa wanashusha mizigo, wanasalimiana kwa Kifipa, kwa Kibende, kwa Kirundi. Kitanda kilikuwa kimetulia chini yangu. Nililala vile vile bila kusogea, nikingoja tuondoke. Kisha mtoto akalia, nikanyanyuka kumchukua.